Soda ya Lodwar Inahesabiwa Nairobi

Kila msimu wa kugawa pesa za kaunti ukifika, kuna hesabu moja hurudi kama mafua. Inasema hivi: Nairobi na Mombasa ndizo zinalipa ushuru wa nchi hii, Mlima Kenya na Bonde la Ufa zinalima, halafu huko juu, Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Garissa, watu wamekaa tu wakingoja mgao. Kwa hivyo kila mtu ale kulingana na kile analeta mezani.

Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa miezi juu ya ugomvi wa aina hiyo. Wengine walitaka pesa zifuate idadi ya watu, wengine wakataka umaskini na ukubwa wa eneo vibaki kwenye hesabu, na kaunti zikakaa zikingoja. Walipatana mwishowe kwa njia ya Kikenya kabisa: wakaahidiwa kwamba mgao wa jumla utapanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka unaofuata, ndio kusikuwe na kaunti inayopoteza. Sufuria iliongezwa maji. Lile swali la nani hasa analipa halikujibiwa.

Mimi nataka tuangalie hiyo sentensi ya kwanza, kwa sababu hata watu wanaoipinga huimeza nzima. "Nairobi ndiyo inalipa." Sawa, inalipa vipi?

Chukua soda. Mama ana kioski Lodwar, anauza soda kwa kijana ametoka kuchunga mbuzi. Ndani ya hiyo bei kuna VAT ya 16% na kuna ushuru wa bidhaa. Huyo kijana ndiye ameutoa mfukoni mwake, hakuna mwingine. Pesa inapanda kutoka kwa kioski hadi kwa muuzaji wa jumla, hadi kwa kampuni, na kampuni ndiyo inapeleka KRA kwa kutumia PIN iliyosajiliwa mahali makao makuu yapo. Ukiangalia kitabu cha KRA, Nairobi imelipa. Lodwar haionekani.

Fanya hivyo na sabuni. Fanya na kredo ya simu, ambayo ina ushuru wa bidhaa wa 15% na VAT juu yake. Fanya na M-Pesa: ile ada unakatwa ukituma pesa ina ushuru wa 15% ndani yake, tangu 2023. Mtu wa Moyale akimtumia mamake elfu mbili kijijini, ushuru wa hiyo ada unaandikwa kwa kampuni yenye makao Waiyaki Way, Westlands. Sasa niambie, ni wakazi wa Westlands wamelipa hiyo doh?

Mombasa nayo ni hadithi ileile. Gari lililotumika linashuka Kilindini, linalipiwa ushuru wa forodha hapo bandarini, halafu linaendeshwa Eldoret. Marobota ya mitumba yanalipiwa hapo hapo na kufunguliwa Kisii. Mombasa inasifiwa kwa kukusanya, na mtu wa Likoni hajaona hata senti. Chai ya Kericho na Nandi hupigwa mnada Mombasa pia. Mahali pesa imehesabiwa na mahali pesa imetoka ni mahali pawili tofauti, na nchi nzima imekuwa ikichanganya hivyo viwili na kutukanana navyo.

Halafu kuna mafuta, na hapa ndipo mimi hukasirika kidogo. Kila tarehe 14 EPRA hutangaza bei za petroli, mji kwa mji. Mombasa huwa chini, kwa sababu meli iko hapo. Mandera huwa juu kabisa, na tofauti kati ya hiyo miji miwili ni zaidi ya shilingi kumi kwa lita. Hiyo naelewa, lori halijiendeshi. Lakini VAT inapigwa kwa bei yote, pamoja na ile gharama ya kusafirisha. Maana yake ni kwamba mtu wa Mandera, kwa kila lita, analipa ushuru mwingi kuliko mtu wa Mombasa. Anatozwa kwa ajili ya umbali. Na tangu Julai 2023 hiyo VAT ya mafuta iliruka kutoka 8% hadi 16%, kwa hivyo ushuru wa umbali ukawa mara mbili. Lita hiyo ndiyo inasukuma jenereta ya kuvuta maji ya kisima, ndiyo inabeba mbuzi kwenda sokoni na unga kurudi. Unga wenyewe hauna VAT, lakini umefika hapo umepanda lori linalokunywa VAT njia nzima.

Sitasema kwamba Turkana inalipa sawa na Nairobi. Hapana, Nairobi ina pesa nyingi na inatumia nyingi. Ninachosema ni kwamba ile hesabu inayozungushwa haipimi mchango wa mtu. Inapima ni wapi mhasibu wa kampuni ana ofisi.

Na hata kwa nini kampuni zote zina ofisi huko? Hizo ofisi hazikuanguka kutoka mbinguni. Kuna karatasi ya serikali ya mwaka 1965, ile wanaita Sessional Paper nambari 10, iliyoamua kwamba pesa za maendeleo zipelekwe mahali penye ardhi nzuri, mvua na reli tayari, ndio zizae haraka, halafu matunda yatafika kwa wengine. Yalifika lini? Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka hamsini baada ya uhuru. Sasa unamnyima mtu barabara kwa nusu karne, halafu unamuuliza mbona hana kiwanda cha kulipa ushuru.

Katiba ya 2010 iliona hilo. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na kinataka matumizi yasaidie maeneo yaliyoachwa nyuma. Kifungu cha 204 kikaanzisha hazina ya usawazishaji, 0.5% ya mapato, ya maji, barabara, hospitali na stima huko. Asilimia nusu. Katika kila shilingi mia mbili, shilingi moja. Na hiyo moja yenyewe imekuwa ikichelewa miaka kwa miaka, kesi hapa, kanuni pale.

Basi tuweke ramani chini, kwa sababu naona inatusumbua bure. Ukitaka kujua nani anabebeshwa mzigo, angalia kazi ya mtu. Hapo ndipo mambo ni moto.

Tuseme mlinzi wa shule, ameajiriwa rasmi, mshahara 30,000. Awe Garissa, awe Nyeri, hesabu ni moja. Kwa sheria ilivyokuwa 2025, anakatwa NSSF 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450, halafu PAYE kama 730. Jumla ni karibu 3,800 kabla hajaona pesa. Zikibaki, ananunua sabuni, kredo na nauli ya matatu iliyo na mafuta ndani yake, analipa tena. Hakuna mwezi anaweza kusema "nitalipa wiki ijayo." Hakuna mhasibu wa kumtafutia njia. Jina lake, kitambulisho chake na mshahara wake viko kwenye kompyuta tayari.

Panda sasa hadi laki tatu. Watu wawili, kila mmoja anaingiza 300,000 kwa mwezi. Mmoja ni daktari ameajiriwa. Anakatwa PAYE zaidi ya 76,000. Wa pili ni landilodi, ana ploti ya vyumba mtaani, kodi ya nyumba inaingia laki tatu hizo hizo. Yeye ushuru wake wa mapato ya kodi ni 7.5%, yaani 22,500. Ulikuwa 10%, ukashushwa kuanzia Januari 2024. Najua mtaniambia landilodi hukatwa kwa pesa yote bila kuondoa gharama ya fundi na rangi, na pengine ana mkopo wa benki. Ni kweli. Lakini daktari pia haondoi nauli, wala ada ya chuo aliyolipa miaka sita. Na tukiwa wakweli, daktari hana namna ya kujificha. Landilodi anajaza fomu mwenyewe, na kuna mitaa mizima ambapo kodi hulipwa kwa namba ya simu ya shemeji.

Wa tatu alinunua shamba Kitengela zamani, akaliacha likae, akaliuza kwa faida ya milioni tano. Ushuru wa faida ya mali ni 15%. Ulikuwa 5% hadi mwisho wa 2022. Kwa hivyo shilingi iliyopatikana kwa kungoja inatozwa nusu ya kile inatozwa shilingi ya daktari iliyopatikana kwa kukesha wodini. Hapo bado hatujaongea juu ya bei inayoandikwa kwenye mkataba wa mauziano, ambayo mara nyingi ni binamu wa mbali wa bei iliyolipwa.

Lakini anayeumia vibaya zaidi, na ambaye hakuna mtu anamtaja, ni mwenye duka. Ngoja nikuonyeshe.

Biashara inayouza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka hutozwa ushuru wa mauzo, 3%. Wakati wa korona mwaka 2020 ulishushwa hadi 1%, halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha 3%. Asilimia tatu inasikika kama kitu kidogo, si ndio? Shida ni kwamba inakatwa kwa mauzo. Faida haiulizwi.

Duka la rejareja linalouza shilingi 5,500 kwa siku linafika milioni mbili kwa mwaka. Hilo si duka kubwa, ni lile la pale kwa kona. Anauza unga, sukari, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo faida yake ni ya shilingi chache. Tuseme kwa kila mia anabaki na nane. Kwa mwaka ni 160,000. Ushuru wa mauzo ni 3% ya milioni mbili, yaani 60,000. Toa 60,000 kwa 160,000. Ni zaidi ya thuluthi. Ni 37.5% ya faida yake.

Mtu wa mshahara mkubwa kabisa Kenya, kiwango chake cha juu ni 35%, na hicho kinaanza tu kwa ile sehemu ya mshahara inayozidi laki nane kwa mwezi. Mwenye duka la kona ambaye faida yake haifiki elfu kumi na nne kwa mwezi amempita mkurugenzi.

Na ndani ya ushuru huo huo kuna ubaguzi mwingine wa kazi. Saluni inayoingiza milioni mbili hiyo hiyo, lakini inauza ufundi wa mikono, inaweza kubaki na arobaini kwa kila mia. Hiyo ni 800,000. Inalipa 60,000 ileile, 7.5% tu ya faida. Mauzo sawa, ushuru sawa kwa karatasi, na maisha tofauti kabisa. Mwenye duka anaweza kumwandikia KRA aondolewe kwenye huo ushuru, atozwe kwa faida kama wengine. Lakini lazima aweke vitabu vya hesabu, risiti za kielektroniki, na mtu wa kumjazia. Huyo mtu analipwa na nani? Mwaka ule duka likipata hasara, bado 3% inadaiwa.

Sisi wa kutengeneza maudhui tunapitia kitu kinachofanana. Mswada wa 2023 ulitaka tukatwe 15% ya malipo kabla hayajatufikia, tukapiga kelele, ikashuka hadi 5%. Inakatwa kwa malipo yote, bila kuuliza bando ni pesa ngapi na mhariri wa video umemlipa ngapi. Unaweza kuidai mwisho wa mwaka ikiwa umekatwa zaidi ya unavyodaiwa. Ukijua mtu amewahi kurudishiwa haraka, mwambie afungue darasa, nitalipa kiingilio. Lakini sitalia sana juu ya yetu, mwenye duka anastahili hiyo nafasi.

Ukitazama wote hawa, mlinzi, daktari, landilodi, mwenye shamba la Kitengela, mwenye duka, unaona kitu kimoja. Uwezo wa mtu hauamui sana. Kinachoamua ni kama anaonekana na kama ni rahisi kumkata. Hii tabia ni ya zamani. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza ushuru wa nyumba. Ilihesabu vibanda, kwa sababu kibanda hakikimbii. Mtu hakuulizwa ana mavuno au ana njaa. Na shabaha moja ilikuwa kumlazimisha atafute pesa taslimu, yaani aende akafanye kazi kwa mashamba ya walowezi. Leo karatasi ya mshahara ndiyo kibanda. Simu ndiyo kibanda. Pampu ya petroli ndiyo kibanda.

Sasa najua kuna msee hapo anasema: na yule mzee wa ngamia mia moja? Huyo si maskini, na hajawahi kujaza fomu ya ushuru wa mapato maishani. Kweli kabisa, na sitamtetea. Mwenye mali nyingi alipe, awe na ngamia, awe na miraa, awe na matatu kumi na mbili. Lakini usimtaje yeye peke yake halafu umruke landilodi wa Kilimani na dalali wa Kitengela. Na usimtumie yeye kumhukumu mwanamke wa Wajir mwenye mbuzi sita, kwa sababu huyo akipeleka mbuzi mmoja sokoni analipa ada ya soko kwa kichwa cha mnyama, na lori likivuka mpaka wa kaunti kuna kizuizi kingine na risiti nyingine. Mkulima wa viazi Nyandarua anaijua hiyo vizuri, yeye huita sesi. Gunia linakatwa hata kabla halijajulikana litauzwa pesa ngapi. Katiba, kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayozuia biashara kuvuka mipaka yao. Simama barabarani alfajiri uone kama hao wa vizuizi wameisoma.

Kaunti pia zinafuata ile sheria ya kibanda. Tikiti ya kila siku ya mama mboga haikosi mkusanyaji. Anakuja mvua ikinyesha, anakuja hata kama nyanya zimeoza. Ilhali ada ya ardhi, ambayo Katiba iliwapa kaunti waitoze, ndiyo ilisahauliwa. Nairobi ilikaa kwa miongo ikitoza ardhi kwa thamani za miaka ya 1980. Kiwanja cha katikati ya jiji kilichopanda bei mara nyingi kiasi gani sijui, bado kilihesabiwa kwa bei ya enzi za Moi, huku tikiti ya mama mboga ikipandishwa na kila utawala. Orodha ya thamani ilipobadilishwa hatimaye, makelele yaliyotoka kwa wenye viwanja yalikuwa makubwa kuliko nimewahi kusikia kwa ajili ya tikiti za soko. Hata wabunge: hadi Katiba ya 2010 ilipowakatalia, sehemu kubwa ya marupurupu yao haikutozwa ushuru, na mwaka 2011 KRA ilipodai, walipinga kama watoto wanaonyimwa biskuti.

Ndiyo maana Juni 2024, watu walipojaa barabarani kukataa Mswada wa Fedha, haikuwa Nairobi peke yake. Kulikuwa na mkate kutiwa VAT, kulikuwa na 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wa miji ambayo tunaambiwa hailipi ushuru walitoka pia. Walikuwa wanajua wanalipa. Mtu hajui asilimia ya VAT, lakini anajua mia mbili ya mwaka jana ilinunua nini na ya leo inanunua nini.

Kuna vitu viwili ningetaka, na vyote vinawezekana bila kuvunja nchi. Kwanza, serikali iache kutoa takwimu za mapato kwa anwani ya kampuni kana kwamba ni mchango wa wakazi. Kuna tume inayoshauri mgao, CRA, na kuna takwimu za matumizi ya nyumba ambazo serikali hukusanya. Zinatosha kukadiria mtu wa Turkana anatoa asilimia ngapi ya kile anatumia kama ushuru, na mtu wa Kiambu vilevile. Wakitoa hiyo, maseneta watagombana kwa adabu zaidi. Pili, huo ushuru wa mauzo. Rudisha 1% kwa maduka ya rejareja, au uweke viwango kulingana na aina ya biashara. Pengo lijazwe kutoka kwa ile 15% ya faida ya ardhi na ile 7.5% ya landilodi wa vyumba hamsini. Mwenye chumba kimoja cha kukodisha aachwe alivyo.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili na lazima umalizwe kufikia 30 Juni. Katikati hapo Kamati ya Fedha hupokea maoni, na unaweza kuyapeleka kwa barua, huhitaji suti wala kusafiri Nairobi. Mimi nitatuma ukurasa mmoja wenye ile hesabu ya duka. Lakini ile nane kwa kila mia ni mfano wangu, na duka la Wajir halina faida sawa na la Migori au Kitui. Kama una duka, niandikie unauza ngapi kwa siku, unabaki na ngapi kwa kila mia, na mafuta ya lori lililokuletea bidhaa yanakula ngapi. Jina lako sitaliweka. Nikipata hesabu ishirini kutoka kaunti tofauti, zitaenda zote kwenye hiyo barua.